Nyufa kwenye Mishumaa ya Bi Pasi

Kwa miaka kumi na minane Bi Pasi alinyoosha mashati ya watu katika duka la dobi, na jina lake alilipatia huko. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mwanamke mrefu, si msemaji, mkono wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona mkunjo akaupita. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, vidole vyake huwa vimeshaanza kulainisha kitambaa cha meza kabla salamu hazijaisha.

Kazi hiyo aliiacha kwa siku moja, bila hata kuaga vizuri, kwa sababu mama mkwe wake alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga.

Waliishi ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mali ya huyo mama mkwe. Bi Pasi aliingia humo akiwa bibi harusi. Mumewe alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka arobaini na tisa, alibaki humo humo kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Daktari aliyeiunga ile nyonga alisema mgonjwa ataweza kusogea ndani ya nyumba akishikilia fremu ya kutembelea, lakini ngazi azisahau. Familia ikakaa kikao. Wifi yake, mtoto pekee aliyebaki wa yule mama, akasema maneno yaliyomkaa Bi Pasi kifuani tangu siku ile: "Wewe si ndiye uliyepo? Ni kwa muda tu, wifi yangu."

Muda huo sasa ulikuwa umefika miaka miwili na miezi mitatu.

Majirani walimwita yule mama Mkaguzi, naye alilipenda jina hilo. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye stuli katika kiwanda cha chupa, mbele ya ukuta wa taa nyeupe, chupa zikimpita moja moja, akiiondoa kwa kidole ile yenye kiputo, yenye ufa au yenye shingo ya upande. Alistaafu yeye, macho yake hayakustaafu. Ukimletea chai aliona alama ya sabuni kwenye kikombe kabla hujakitua. Hakutukana mtu wala kupandisha sauti. Aliangalia, kisha akaguna. Bi Pasi alijisemea mara nyingi kwamba afadhali tusi kuliko mguno ule.

Kutoka nje kwa Bi Pasi kulikuwa kwa dakika ishirini. Sokoni, duka la dawa, kurudi. Ngazi zilikuwa sabini na mbili na miguu yake ilizijua moja moja. Siku moja foleni ya dawa ilimchelewesha, akarudi baada ya saa nzima na kumkuta Mkaguzi sakafuni chooni, amejifunika taulo, ametulia tuli. "Nilikuwa nahesabu vigae," alisema yule mama. "Viwili vimekaa vibaya." Tangu siku hiyo Bi Pasi akitoka alitoka roho mkononi, na mwenye duka la dawa akianza kumpigia hadithi alimwachia chenji na kukimbia.

Mishumaa ilianza kwa udadisi. Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na duka la zawadi, na mwenye duka, bwana mmoja mnene aliyevaa miwani kwenye paji la uso zaidi kuliko machoni, aliweka dirishani mshumaa ndani ya glasi, wenye matabaka matatu ya rangi: kahawia chini, krimu katikati, bluu juu. Bi Pasi alisimama akautazama mpaka dakika zake zikakaribia kuisha. Akaununua, akapanda nao ngazi, na alipofika mezani akauchimba kwa kisu cha jikoni.

Mkaguzi alikuwa akimwangalia kutoka kitandani kwake, kilichowekwa palepale sebuleni chini ya dirisha. "Umenunua kitu ili ukiue?"

"Nataka kujua kimekaaje, Mama."

Mguno.

Akajifunza mwenyewe. Alinunua nta ya vipande, tambi za mishumaa, rangi na kipimajoto cha jikoni. Aliyeyusha nta ndani ya sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kwa sababu nta ikikutana na moto ana kwa ana inaungua. Akamimina kahawia, akasubiri, akamimina krimu, akasubiri, akamimina bluu. Mshumaa wa kwanza ulitoka kituko, lakini usiku ule alilala vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu aache pasi, mikono yake ilikuwa imeshika kazi yenye mwanzo na mwisho. Kumhudumia mgonjwa hakuna siku unaposema nimemaliza.

Ilipofika mishumaa sita inayotazamika, alimpelekea mwenye duka la zawadi. Ikauzwa kwa wiki moja. Yule bwana akaja na habari kubwa zaidi: hoteli iliyoko barabara kuu inataka mishumaa arobaini ya kuweka mezani, matabaka matatu, baada ya wiki tatu.

"Lakini mama, tusidanganyane," alisema, akaishusha miwani machoni na kuinua mmoja wa mishumaa yenye kasoro iliyobaki mezani kwa Bi Pasi. "Hii sita wateja waliichukua kwa sababu ilikuwa mipya machoni. Hoteli hawatapokea kitu kama hiki. Ona huu mstari. Ona huu weupe. Utadhani umekaa kwenye barafu."

Bi Pasi hakuhitaji kuonyeshwa. Kasoro zile alizijua kama mtu anavyojua watoto wake watundu. Ya kwanza ilikuwa ukungu, weupe mfano wa pumzi iliyopulizwa kwenye kioo, ulioenea juu ya bluu mpaka bluu ikapauka. Ya pili, mabaka ubavuni, mahali nta ilipojibandua kutoka kwenye glasi. Ya tatu ndiyo iliyomnyima raha: ufa mwembamba kama unywele, uliokatiza uso wa juu kutoka kwenye utambi hadi ukingoni. Na siku nyingine tabaka la juu liliachana kabisa na la chini, ukiligusa linacheza kama kifuniko cha kopo.

Alifungua daftari. Kila alipomimina aliandika joto la nta, joto la chumba, na dakika alizosubiri kati ya tabaka na tabaka. Akimimina mapema, kahawia ilipanda ndani ya krimu kama chai kwenye maziwa. Akichelewa, matabaka yalinuniana, hayakushikana. Baada ya majaribio mengi aligundua saa yake ni kidole: tabaka la chini likishakuwa gumu lakini bado linakubali alama ya kidole bila kunata, hapo ndipo pa kumimina, na nta ya juu iwe na joto zaidi kidogo ili iume ile ya chini. Kuachana kukakoma. Glasi nazo akaanza kuzichovya kwenye maji moto na kuzifuta kavu kabla ya kumimina, mabaka yakapungua.

Ukungu na ufa vikabaki.

Akaitoa pasi yake ya zamani. Akaiwasha, akaishikilia juu ya mshumaa, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye nta. Uso ukayeyuka, ukang'aa, ukatulia kama maji ya ndoo. Bi Pasi akacheka peke yake jikoni. Akafanya hivyo kwa mishumaa kumi na miwili, akaipanga kwenye meza ya sebuleni, akaenda kufua. Aliporudi baada ya saa tatu, saba kati yake ilikuwa imepasuka tena, palepale.

"Inapoa haraka," Mkaguzi alisema kutoka kitandani.

Bi Pasi alijifanya hakusikia. Hakuwa na nguvu ya kukaguliwa kwa jambo hili pia. Akaibeba yote hadi chumbani kwake. Lakini kitanda na kabati vilikuwa vimekula chumba chote, hapakuwa na pa kuiweka isipokuwa sakafuni, na sakafu ya saruji ilikuwa ya baridi. Mishumaa ikapoa chini kabla ya juu, na kila mmoja ukabonyea katikati kishimo cha kuingia kidole gumba. Siku nne zikapotea hivyo.

Siku ya tano aliandika namba chini ya kila glasi, akazipanga mezani kwa mistari, akaweka alama kwenye daftari ipi imekaa wapi. Zilipopoa akazipitia. Zile za upande wa ukutani, zilizokingwa na redio, zilikuwa safi. Za katikati zilikuwa na ukungu. Za upande wa pili zilikuwa na nyufa zote. Akainua macho kufuata mstari ule ulikoelekea, akafika dirishani.

Dirisha lilikuwa wazi, kama kila siku. Pazia lilikuwa likipanda na kushuka. Chini yake Mkaguzi alikuwa amelaza mkono wake mwembamba kwenye kizingiti, kiganja kikiwa nje ya nyumba.

Dirisha lile ndilo lilikuwa miguu ya yule mama. Lilifunguliwa baada ya chai ya asubuhi na kufungwa jua likizama. Kutoka pale alijua fundi wa funguo amegombana na nani, mwalimu gani amebadilisha mkoba, na mbwa wa mwenye bucha ameanza kuchechemea mguu upi. Mwaka mzima wa kwanza, kabla hajaizoea fremu, hakuwa na kitu kingine.

Bi Pasi alikaa na jambo hilo mchana kutwa. Mwisho akapiga moyo konde.

"Mama, itabidi nilifunge dirisha. Upepo ndio unaoipasua mishumaa."

Mkaguzi alimgeukia taratibu. "Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize ya hoteli. Ni kwa muda tu."

Maneno yalipomtoka aliyasikia ni ya nani, akaona aibu. Lakini hakuyarudisha. Yule mama akautoa mkono wake nje, akauweka juu ya shuka kama anaweka kitu kisicho chake. "Kazi ni yako," alisema.

Mishumaa kumi ya kwanza iliyopoa dirisha likiwa limefungwa ilitoka bila doa. Bi Pasi aliizungusha mbele ya taa mmoja baada ya mwingine. Bluu ilikuwa bluu, krimu imekaa juu ya kahawia kwa mstari ulionyooka kama ukosi wa shati jipya. Alitaka kumwonyesha mtu. Akaibeba miwili hadi kitandani.

"Iko sawa," Mkaguzi alisema, na hakuiangalia.

Siku ya pili chumba kilikuwa na joto na kunukia nta. Siku ya tatu Mkaguzi alijigeuza akaukabili ukuta. Alikula nusu ya chakula, halafu robo. Hakulalamika, na hakuguna. Bi Pasi alimwekea chai kwenye kikombe chenye ufa kwenye mshikio, makusudi, aone kama atasema neno. Yule mama alikinywea. Hapo Bi Pasi akashikwa na hofu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa finyu tangu zamani, lakini sasa ilikuwa kama imevutwa kamba kutoka pande zote, nao wawili wako katikati wakigawana pumzi ileile.

Siku ya nne, mchana, alitoka jikoni na sufuria ya nta akamkuta mama mkwe ameketi, amebandika kiganja kizima kwenye kioo cha dirisha. Kioo kilikuwa kimepata ukungu kuzunguka vidole vyake.

"Unataka kitu, Mama?"

"Nje kuna mtu anapita na godoro kichwani. Sijui anahamia jengo gani. Angekuwa amepita wiki jana ningesikia anavyojibizana na watu." Akaushusha mkono. "Najua ni kazi. Hata mimi nilikuwa na kazi. Lakini umenitia kizibo, mkwe wangu."

Bi Pasi aliiweka sufuria mezani. Hakukusudia kusema alichosema. Kilikuwa kimekaa muda mrefu, kikatoka kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Na mimi, Mama, nani amenizibua?"

Juu ya nta kwenye sufuria ngozi nyembamba ikaanza kuganda.

"Hakuna," Mkaguzi alisema hatimaye. "Nilijua. Siku ile ulipoacha kazi, nilikuona unapanga nguo zako za kazini chini kabisa ya mfuko, nikajua. Ningemwambia binti yangu, mchukue wewe, au tafuteni mtu. Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Ungeondoka." Alimtazama kwa yale macho yake ya taa nyeupe. "Binti yangu ananipenda kwa simu. Wewe hunipendi, lakini unakuja nikiita. Nilichagua. Usinifanye mwema, sikuwa mwema."

Bi Pasi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwa akilifanya isipokuwa kumbadilishia shuka. Hakuwa amesamehe, na hakuona haja ya kudanganya kwamba amesamehe. Lakini kulikuwa na nafuu fulani katika kuambiwa ukweli uliokwishaujua. Akanyoosha mkono akafungua dirisha. Kelele za mtaa zikaingia zote kwa pamoja.

"Mishumaa yako itapasuka," Mkaguzi alisema.

"Acha ipasuke."

"Usiseme upuuzi. Imebaki mingapi?"

"Thelathini."

Yule mama akajisogeza juu ya mto. "Nilikuambia inapoa haraka ukajitia kiziwi. Kiwandani chupa ikitoka kwenye moto haiachwi hewani. Ikiachwa hewani, nje inakuwa baridi, ndani bado moto, zinavutana, inapasuka. Tulikuwa na tanuri refu kama korido, moto mwingi mwanzoni na mdogo mwishoni. Chupa inapita humo polepole, inatoka imeshasahau kwamba ilikuwa moto. Wewe huhitaji kufunga nyumba nzima. Unahitaji sanduku lenye milango."

"Sina sanduku la kuingia mishumaa thelathini."

"Una kabati."

Bi Pasi akaangalia chini. Kabati la chumbani kwake, la mbao nzito, milango miwili, lilikuwa na nguo za marehemu mumewe. Tangu mazishi alikuwa hajalifungua. Nguo zake mwenyewe aliziweka kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Lina vitu, Mama."

"Najua lina vitu vya nani. Nilimzaa." Akakunjua shuka juu ya mapaja yake. "Vilete hapa nivikunje. Mikono yangu haijavunjika."

Wakafanya hivyo alasiri ileile. Bi Pasi alifungua milango na harufu ya naftalini, vile vidonge vya kufukuzia wadudu, ikamkaba. Alitoa nguo kwa mafungu, akazibeba hadi kitandani, na Mkaguzi akazikunja juu ya mapaja yake moja moja, akizikagua vifungo. Hakuna aliyelia mpaka yalipofika makoti, na hapo walilia kidogo, kila mtu akiangalia upande wake. Kisha, nyuma kabisa, Bi Pasi akavuta suti ya mirabaraba ya njano na zambarau, akabaki ameishika hewani.

"Hii aliniapia ameigawa," alisema. "Nilimwambia sitoki naye akiwa amevaa hii. Akaapa kwa jina lako, Mama."

Mkaguzi aliitazama suti kutoka kola hadi pindo. Akaguna, ule mguno wenyewe, mrefu, wa kiwandani. Bi Pasi akaangua kicheko, na yule mama naye akacheka mpaka akashika nyonga yake.

Kabati halikuwa muujiza. Kundi la kwanza walilipasha kwa beseni la maji moto lililowekwa chini, wakafunika glasi kwa blanketi, wakafunga milango. Uso wa mishumaa ulitoka laini kama nini, hapana ufa, hapana ukungu. Bi Pasi akashuka na mmoja kumwonyesha mwenye duka la zawadi. Yule bwana akaunusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, huu unanuka kabati la babu."

Naftalini ilikuwa imeingia kwenye nta. Mishumaa kumi ikaenda na maji. Ikabidi kabati lifutwe kwa siki mara tatu, liachwe wazi siku mbili, na muda ulikuwa unayoyoma. Halafu beseni likazidisha joto kwenye rafu ya chini na rangi zikachanganyikana. Mkaguzi akaagiza rafu ya chini iachwe tupu. Kila kundi lilipotoka lilipitishwa kitandani kwake kwanza. Alikuwa ameomba taa ya mezani iwekwe nyuma ya karatasi nyeupe, akaizungusha glasi mbele yake kwa vidole viwili, bila haraka. "Huu ndiyo. Huu ndiyo. Huu hapana." Bi Pasi alibishana naye kwa ule wa hapana, akashindwa, kwa sababu kweli kulikuwa na kiputo chini ya utambi.

Mishumaa arobaini ilifika hotelini ikiwa imechelewa siku moja. Ilipokelewa. Baada ya wiki mbili mwenye duka akaja na maneno kwamba wanataka mingine kila mwezi.

Hapo ndipo wifi alipokuja. Alikuwa akiishi upande wa pili wa mji, akija kila baada ya miezi miwili na mfuko wa matunda, akikaa kwenye ukingo wa kiti, pochi mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Safari hii aliona glasi zimepangwa mezani, taa, kipimajoto, na mama yake ameketi wima, nywele zimechanwa.

"Wifi yangu, una moyo," alisema. "Angalia Mama alivyonawiri. Na wewe sasa hata kazi unafanyia nyumbani, huna shida ya kutoka. Mimi nilikuwa naumiza kichwa nani atakusaidia, kumbe mmeshajipanga."

Bi Pasi alikuwa akifuta glasi. Alisikia kila neno likikaa mahali pake kama tofali. Alivyofanya vizuri, ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa. Kama angeshindwa, labda wangeitisha kikao kingine.

Akaiweka glasi chini. "Jumamosi utakuja kukaa na Mama. Kuanzia saa nne mpaka saa saba. Kila Jumamosi."

Wifi alitabasamu. "Jumamosi, wifi, unajua mambo yangu. Tutaangalia."

"Hatutaangalia. Saa nne."

"Kwani unakwenda wapi?"

Bi Pasi hakuwa amefikiria hata kidogo ni wapi. Mkaguzi akajibu badala yake, macho yakiwa dirishani.

"Ulimwambia ni kwa muda tu, nilikuwepo. Muda gani, mwanangu? Njoo Jumamosi. Nikianguka chooni uniinue wewe."

Jumamosi ya kwanza wifi hakuja. Alipiga simu kusema ana wageni. Ya pili alikuja saa tano na nusu. Bi Pasi alikuwa amevaa tangu saa tatu. Alimwonyesha dawa, fremu, jinsi ya kumshika Mama chini ya kwapa na si mkononi, akashuka ngazi sabini na mbili bila kuangalia saa.

Miguu ikampeleka kwa dobi, kwa kuwa hiyo ndiyo njia iliyokuwa ikiijua. Mwenye duka alimkumbatia. Kwenye ubao wake wa zamani alikuwepo mwanamke mwingine, kijana, anapiga pasi ya haraka na safi. Bi Pasi alisimama akamtazama akimaliza shati zima, akatafuta kosa kwenye kola, hakuliona. Alipoulizwa kama angependa kurudi alisema hapana, akashangaa jinsi ilivyomtoka kirahisi, na jinsi ilivyouma. Wakaagana.

Akarudi mtaani kwao. Alipofika mkabala wa jengo alisimama chini ya kibaraza cha bucha na kuinua kichwa. Dirisha la ghorofa ya nne lilikuwa wazi. Mkono wa Mkaguzi ulikuwa nje, na nyuma yake kivuli cha wifi kilikuwa kikienda na kurudi, simu sikioni. Kila kitu mwilini mwa Bi Pasi kilimwambia apande. Je, wifi akisahau kumshika chini ya kwapa? Je, akimwacha sakafuni na vigae vyake?

Akaangalia saa ya mwenye bucha. Ilikuwa imebaki dakika arobaini na tano.

Hakupanda. Alisimama pale mpaka mwenye bucha akamwuliza kama anahitaji kitu, akasema hapana, asante, kisha akageuka akashika barabara ya kushoto, ile inayoteremka, ambayo kwa miaka yote ile hakuwahi kuwa na sababu ya kuipita. Alijiona kama mtu aliyeiba. Alitembea polepole, akisoma kila bango.